Mlango wa Nyuma: Historia ya Kilabu Fiche cha Pombe katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi, na Taswira Yake katika Fasihi

1.0 Utangulizi

Mlango uliofichwa umekuwa bidhaa. Katika miji mikubwa ya dunia, na Nairobi haikusazwa, umezuka mtindo wa baa zinazojificha kwa makusudi. Hakuna bango barabarani. Mteja husukuma rafu ya vitabu ikamgeukia kuwa mlango, au hupita katika chumba kinachofanana na duka la kinyozi, kisha akajikuta katika ukumbi wenye taa hafifu na vinywaji vya bei ya juu. Mfano ulioigwa zaidi ulianzia New York, pale Sasha Petraske alipofungua Milk & Honey mwishoni mwa mwaka 1999. Mwaka 2007 ikafuata PDT, ambayo mteja huiingia kupitia kibanda cha simu kilichomo ndani ya mkahawa wa soseji. Wote wanaouiga mtindo huu husema wanafufua enzi ya marufuku ya pombe nchini Marekani.

Jijini Nairobi, dai la kufufua lina utata wake. Mashariki ya jiji, katika mitaa inayojulikana kwa jumla kama Eastlands, kilabu fiche hakijapata kufa hata kikahitaji kufufuliwa. Kimedumu kwa takriban karne nzima, chini ya serikali ya kikoloni na chini ya serikali huru, na mlango wake haukufichwa kwa ajili ya kumburudisha mteja. Makala haya yanakusudia kuichunguza historia hiyo kwa hoja tatu. Kwanza, kilabu fiche cha Eastlands ni zao la sheria kabla ya kuwa zao la ulevi. Pili, historia yake ni historia ya wanawake waliojitafutia makao na riziki katika jiji ambalo halikuwapangia nafasi. Tatu, kumbukumbu zake zimehifadhiwa zaidi katika fasihi na katika msamiati wa mitaani kuliko katika majalada ya serikali, ingawa hifadhi hiyo nayo ina kasoro inayomhusu moja kwa moja mhakiki wa fasihi ya Kiswahili.

2.0 Baa ya mnong'ono: asili ya kielelezo

Marufuku ya Marekani yalitokana na Badiliko la 18 la Katiba, lililoidhinishwa Januari 1919 na kuanza kutekelezwa Januari 1920. Yalidumu hadi Desemba 1933, yalipofutwa kwa Badiliko la 21. Katika miaka hiyo baa za siri zilienea mno, nazo zilijulikana kwa jina la Kiingereza lenye maana ya kusema kwa sauti ya chini; jina lenyewe lilikuwa limetumika Marekani tangu karne ya 19 kwa mahali pauzapo pombe bila leseni. Ni jina la tabia, wala si la mahali: linamwambia mnywaji namna ya kuchunga ulimi wake. Kwa sababu hiyo, istilahi ya baa ya mnong'ono itatumika hapa.

Mambo mawili ya historia hiyo yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba marufuku hayakuwalemea watu wote kwa uzito mmoja. Matajiri wa New York walikuwa na 21 Club katika barabara ya 52, iliyokuwa na ghala la mvinyo nyuma ya ukuta wa matofali uliofunguka kama mlango. Weusi wa Harlem, kwa upande wao, waliandaa karamu za kodi majumbani: mgeni alilipa kiingilio, akala, akanywa, akacheza, na fedha zikamwezesha mwenyeji kumlipa mwenye nyumba. Hilo la pili, ambalo haliigwi na baa za kisasa, ndilo linalofanana na Eastlands.

La pili ni kwamba marufuku hubadilisha kinywaji chenyewe. Bia huhitaji pipa, gari na nafasi. Pombe kali hubebwa mfukoni. Sheria inapowinda vyote viwili kwa nguvu sawa, muuzaji huchagua kile kinachofichika kwa urahisi. Kanuni hii ilidhihirika Chicago, na kama itakavyoonyeshwa, ilidhihirika Mathare pia.

3.0 Pumwani na ukiritimba wa manispaa

Mitaa ya kwanza ya Waafrika jijini Nairobi ilikuwa vijiji vilivyojiotea, kama vile Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilitenga Pumwani kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, ikavivunja vijiji hivyo kimoja baada ya kingine. Pangani ilikuwa ya mwisho. Ilibomolewa mnamo 1939, na wakazi wake wakaelekezwa Shauri Moyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaongezeka nyumba za Kaloleni, kisha Bahati, Mbotela, Ofafa, Jericho na nyinginezo, hadi Eastlands ikawa eneo pana la wafanyakazi lililotengwa na makazi ya Wazungu kwa bonde, reli na sheria.

Katika Pumwani hiyo manispaa ilileta mfumo uliokwisha kujaribiwa Durban, Afrika Kusini, tangu 1909. Mfumo ulikuwa rahisi: Mwafrika akatazwe kutengeneza na kuuza pombe yake mjini, na badala yake manispaa yenyewe imuuzie katika ukumbi wake. Faida iliingia katika mfuko wa huduma za Waafrika. Kwa njia hii mlipa kodi wa Kizungu aliepushwa na gharama za mtaa wa Waafrika, na mnywaji wa Pumwani akawa anajilipia mwenyewe huduma alizostahili kupewa. Pombe kali na bia ya chupa hazikuwa halali kwa Mwafrika. Marufuku hayo yalilegezwa hatua kwa hatua baada ya 1945 tu. Kiwanda cha bia cha Ruaraka, kilichoanzishwa mwaka 1922 na walowezi, kwa miaka mingi hakikuwa na ruhusa ya kumuuzia jirani yake.

Hivyo basi, kilabu fiche cha kwanza cha Eastlands kilizaliwa pamoja na ukumbi halali wa manispaa, kama kivuli kinavyozaliwa na nguzo. Mwanamke aliyepika pombe chumbani kwake hakuwa akivunja amri ya maadili peke yake, bali alikuwa akishindana na biashara ya serikali. Askari waliomwaga mapipa yake walikuwa, kwa namna fulani, wakilinda hesabu za manispaa. Ndiyo maana ni vigumu kuyasoma majalada ya enzi hiyo kama taarifa za uhalifu tu: mwenye kushtaki alikuwa pia mshindani sokoni.

Siasa haikukawia kuingia. Mnamo 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, wapiganaji waliwaamuru wakazi wa Nairobi wasusie mabasi, sigara na bia ya Wazungu. Kinywaji kikawa kipimo cha utiifu. Yule aliyekunywa ukumbini alionekana kuwa upande mmoja, na yule aliyekunywa kwa siri, au asiyekunywa kabisa, upande mwingine.

4.0 Mama pima: uchumi na ufundi

Uchunguzi wa Janet Bujra kuhusu wanawake wa Pumwani, na baadaye kitabu cha Luise White, The Comforts of Home (1990), umethibitisha jambo ambalo wazee wa Majengo walilijua siku zote: wanawake waliokuja mjini bila mume wala ajira walijipatia mtaji kwa kupika pombe na kwa umalaya, na wengine wao wakajenga au kununua nyumba, wakawa wenye nyumba wa kudumu katika mji uliomchukulia Mwafrika kuwa mpita njia. Wengi walisilimu, wakaingia katika jamii ya Waswahili wa Majengo, wakajipatia ukoo mpya. Hapa pana mgongano ambao mwandishi wa riwaya angeutamani: nyumba iliyonunuliwa kwa fedha za pombe ikawa nyumba ya familia inayofunga Ramadhani.

Nici Nelson, aliyefanya utafiti katika Bonde la Mathare miaka ya 1970, aliwakuta wanawake wakipika busaa kwa ujuzi, kwa mikopo ya wao kwa wao na kwa mtandao wa kuonyana askari wanapokuja. Ufundi wenyewe unastahili kuelezwa, maana ndio unaofafanua siri. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa juu ya bati pana, ukachanganywa na kimea cha wimbi na maji, ukaachwa uive, kisha ukachujwa. Kazi hii huchukua siku kadhaa, hutaka mapipa, kuni na maji mengi, na harufu ya unga unaokaangwa husafiri mbali. Hunywewa katika makopo yaliyokuwa ya mafuta ya Kasuku, taratibu, wanywaji wakiwa wameketi mabenchini kwa saa nyingi. Kwa kifupi, busaa ni kinywaji kisichojua kujificha.

Chang'aa ni kinyume chake. Kangara, yaani mchanganyiko uliochacha, huchemshwa katika pipa. Mvuke hugonga chombo chenye maji baridi kilichowekwa juu, ukageuka matone, yakadondokea katika chungu kidogo kilichomo ndani. Maji baridi yanahitajika muda wote, na ndiyo sababu wapishi wa Mathare walisogea kingo za mto. Hata hivyo, kinachofika chumbani kwa mnywaji ni kidogo na chenye nguvu. Kipimo kimoja hunywewa wima, bilauri ikarudishwa, mteja akaondoka. Askari akiingia, hukuta chumba, kitanda, na mama anayechambua mboga.

Kutokana na kazi hiyo ya kupima likazaliwa jina mama pima. Ni jina la kuzingatiwa na mwanaisimu na mhakiki vilevile. Halimwiti mwanamke huyu mpishi, wala mlevi, wala mhalifu. Linamwita mpimaji, mtu aliyeaminiwa kutoa kiasi cha haki. Pima katika Kiswahili cha zamani ni kipimo cha urefu, mikono minne, kilichotumiwa na wauza nguo. Katika uchochoro wa Mathare neno hilo la biashara halali limehamishwa, likampa heshima mtu aliyenyimwa leseni. Na neno mama lenyewe linamweka mteja mahali pake: yeye ni mwana, amekuja nyumbani kwa mtu, hana budi kuwa na adabu.

5.0 Sheria ya 1980 na wingi wa majina

Uhuru haukuufungua mlango. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kusimamia pombe za kienyeji kwa leseni, na mwaka 1980 ikafuata sheria iliyoharamisha chang'aa kabisa: kuitengeneza, kuiuza, kuimiliki na kuinywa. Serikali huru ilikuwa na sababu za afya na nidhamu ya kazi, nazo hazikuwa za kupuuzwa. Lakini kanuni iliyotajwa hapo juu ilifanya kazi yake. Ukumbi wa busaa, ulio wazi na wenye harufu, ulikuwa rahisi kufungwa. Chumba cha chang'aa hakikuwa rahisi kuonekana. Kinywaji chepesi kikapungua, kikali kikashamiri. Ushuru ambao serikali haikuukusanya ulikusanywa na askari na wasaidizi wa chifu kwa njia ya kitu kidogo, na mama pima akauingiza katika hesabu ya gharama zake kama kodi ya chumba.

Pale kitu kinapokatazwa kutajwa, majina yake huongezeka. Chang'aa iliitwa machozi ya simba, kwa jazanda inayounganisha uwazi wa kinywaji, ukali wake na kilio kinachofuata. Baadaye ikaja kumi kumi, kwa sababu bilauri iliuzwa shilingi kumi. Haya hayakuwa mapambo. Yalikuwa lugha ya kuelewana mbele ya mtu asiyetakiwa kuelewa, na si ajabu kwamba Sheng, iliyochipuka katika mitaa hiyohiyo ya Eastlands na kuonekana wazi miaka ya 1970, ina hazina kubwa ya maneno ya pombe, fedha na polisi. Kwa maana hii baa ya mnong'ono ya Eastlands haikuhitaji neno la siri mlangoni. Lugha yote ya mtaa ilikuwa neno la siri.

Upande wa pwani hutoa ulinganisho mzuri. Mangweni, mahali pauzapo tembo la mnazi, palikuwa pembezoni mwa mji wa Waislamu kwa sababu ya staha zaidi kuliko sheria. Kila mtu alipajua, na kila mtu alijifanya hapajui. Uganda nayo ilishika njia ya tatu: sheria ya enguli ya 1965 ilitaka wapishi wa kienyeji wauze pombe yao kwa kiwanda, kikaisafishe na kuiuza katika chupa kama waragi. Kwa hiyo kitu kimoja kikawa aibu pwani, kosa Nairobi na bidhaa ya taifa Kampala. Jambo hili linatosha kuonyesha kwamba siri haikutokana na kinywaji.

6.0 Kilabu fiche katika riwaya

Riwaya ya Kenya ya miaka ya 1970 iliingia katika mlango huu mapema. Meja Mwangi aliipa riwaya yake ya 1973 jina Kill Me Quick, ambalo ni mojawapo ya majina ya chang'aa yenyewe. Kinywaji kikawa muhtasari wa hali ya vijana waliosoma wasipate kazi. Katika Going Down River Road (1976), Ben na Ocholla hujenga jumba refu la Development House mchana na kunywa Karara Centre usiku. Mpangilio huu wa mandhari una hoja: wanayojenga si yao, na wanapokunywa si halali. Thomas Akare, katika The Slums (1981), aliuchora mtaa wa Majengo kutoka ndani, kwa macho ya kijana muosha magari anayelala ndani ya gari bovu.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda mbali zaidi katika Petals of Blood (1977). Theng'eta ya Nyakinyua huanza kama kinywaji cha ibada na kumbukumbu, Wanja na Abdulla wakaifanya biashara ndogo, kisha wenye mitaji wakaitwaa, wakaijengea kiwanda, na waanzilishi wakanyang'anywa haki ya kuuza. Hadithi hiyo, iliyowekwa Ilmorog ya kubuni, inaeleza kwa ufasaha mantiki iliyotawala Pumwani tangu ukumbi wa manispaa: sheria haikuikomesha pombe, ilibadilisha mwenye kufaidika nayo.

Hata hivyo, kazi hizi zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Wanywaji wa Karara Centre, wangekuwa watu wa damu na nyama, wangezungumza Kiswahili cha Nairobi, Sheng na lugha za nyumbani. Msomaji anakutana nao katika lugha ambayo chumbani humo ingemfanya mtu ashukiwe kuwa mpelelezi. Riwaya ya Kiswahili, kwa upande wake, iliutazama ulevi hasa kupitia dirisha la maadili ya familia. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ulevi wa Zakaria ni sehemu ya ukatili wa baba. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, danguro na pombe ni kituo katika safari ya Maimuna kutoka kifungo cha nyumba ya baba yake. Hizi ni kazi kuu, na dhamira zao zina uzito. Lakini mama pima kama mwajiri, mkopeshaji, mwenye nyumba na mlezi wa watoto waliosomeshwa kwa bilauri, bado hajapewa riwaya ya Kiswahili inayomstahili. Mwanamke aliyeibua neno jipya katika lugha hii angali anasubiri kuhadithiwa nayo.

7.0 Gharama ya siri

Ingekuwa upotofu kuigeuza historia hii kuwa ngano ya ushujaa. Siri ina gharama, na gharama hulipwa na mnywaji. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa kumi kumi iliyotiwa methanoli katika vijiji vya Mukuru, jirani na viwanda. Methanoli haina harufu ya kumwonya mtu, na mwili huigeuza kuwa sumu inayoshambulia neva za macho. Mahali ambapo kinywaji hakina lebo wala mkaguzi, mnywaji hana kinga isipokuwa sifa njema ya anayempimia. Mama pima wa zamani aliwajua wateja wake kwa majina. Mlolongo wa wachuuzi wa kemikali za viwandani haukumjua mtu.

Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, iliyohusishwa na mbunge John Mututho hata ikaitwa kwa jina lake, ilifuta marufuku ya 1980. Chang'aa ikaruhusiwa mradi itengenezwe kwa leseni na kuuzwa katika chupa iliyofungwa. Kwa nadharia, mlango wa nyuma ulikuwa umeunganishwa na wa mbele. Kwa vitendo, masharti ya kiwanda, chupa na leseni yalikuwa nje ya uwezo wa mwanamke mwenye pipa moja kando ya mto. Njia ya theng'eta ikapitwa tena. Sheria hiyohiyo iliweka saa za kunywa, baa zikifunguliwa saa 11 jioni siku za kazi, na kwa kufanya hivyo ikaifundisha hata baa yenye leseni kuwa na mlango wa pembeni.

Somo hilo lilikamilika wakati wa korona. Baa zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa Septemba mwaka huo kwa masharti, zikafungwa tena Nairobi na kaunti nne Machi 2021, huku kafyu ikiendelea hadi Oktoba 2021. Vyombo vya habari viliripoti mara kwa mara baa ambazo wateja walifungiwa ndani kwa kufuli la nje, taa zikazimwa, wakanywa hadi alfajiri. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu mnywaji wa tabaka la kati alionja, pasipo kulipia mapambo yoyote, hali ambayo Mathare iliizoea kwa miongo mingi.

8.0 Hitimisho

Methali husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kilabu fiche cha Eastlands kinaisumbua methali hiyo, kwa kuwa kilijiuza bila kujitembeza, na bado sheria ikakiita kibaya. Baa ya kisasa yenye rafu ya vitabu mlangoni inafanya mzaha mwingine: inajificha ili itafutwe, na picha za maficho yake husambazwa na wateja wenyewe. Tofauti kati ya milango hii miwili haiko katika mbao wala bawaba. Mmoja, ukigundulika, hupata wateja zaidi. Wa pili, ukigundulika, mtoto hukosa karo na mama hulala rumande.

Makala haya yameonyesha kwamba umbo linaweza kusafiri na kuiacha historia yake nyuma. Kilichoigwa kutoka New York ni umbo la hofu bila hofu yenyewe. Kwa mwanahistoria wa fasihi, kazi iliyobaki iko wazi: simulizi za wanawake wazee wa Pumwani, Shauri Moyo na Mathare zikusanywe katika lugha zilimosimuliwa, majina ya vinywaji yaingizwe katika kamusi pamoja na visa vyake, na mama pima asomwe kama mhusika, si kama mandhari. Wanaoikumbuka Pangani kabla ya kubomolewa kwake wamekwisha karibu wote. Wanaoukumbuka msako wa miaka ya 1980 wangali hai, na wengi wao bado wanakaa vyumba vilevile.